Anti, wifi amenitumia listi ya vitu 43 vya mtoto na mimi nina laki 4

Shikamoo anti,

Mimi ni mama kijacho, ujauzito wangu wa kwanza, niko wiki ya 32 na Mungu akijalia natarajia mwanzoni mwa mwezi wa 4. Naishi Mbagala na mume wangu, tumepanga chumba na sebule, yeye anaendesha bajaji ya mtu na mimi ni karani kwenye ofisi moja mjini.

Shida yangu imeanza na bebi shawa. Wifi yangu ambaye tunapendana sana kafungua grupu la WhatsApp la watu 38, ndugu wa mume, wafanyakazi wenzangu na majirani wa zamani, akasema kila mtu achangie na mimi nitoe listi ya ninavyotaka. Mi nikawa nasita, basi akaitoa yeye, kaitafuta mtandaoni ina vitu 43, nimekuambatanishia uione. Kuna kitanda cha mtoto na mito yake ya kuzungushia, kigari, woka ya kujifunzia kutembea, mashine ya kuchemshia chupa, chupa 6, nyonyo 4, poda, mto wa kutengenezea kichwa, viatu vya mtoto wa siku moja jamani, na kadhalika.

Juzi Jumamosi tukaenda wote Kariakoo kuangalia bei tu, muuzaji akatutolea kigari cha laki 3 na nusu, wifi akakipiga picha akatuma kwenye grupu akaandika hiki ndo mama anakitaka. Anti nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Kuna dada mmoja wa ofisini najua kabisa anadaiwa kodi, na ye akajibu sawa nitajitahidi.

Afu mama yangu yuko Kilwa, anakuja mwishoni mwa mwezi wa 3 kunilea, yeye hataki kabisa kitu kinunuliwe kabla mtoto hajazaliwa, anasema mgeni hatandikiwi kitanda hujajua anafika lini. Nikinunua namuudhi mama, nisiponunua wifi anasema nalea kizamani.

Mimi na mume wangu tumejibana tukapata laki 4 tu. Naomba uniambie kiukweli nini mtoto anahitaji na nini hahitaji, na watu niwaambieje bila kuonekana napangia watu zawadi. Nisaidie anti maana usingizi wenyewe siku hizi haupo.

Mama kijacho, Mbagala

*

Marahaba mdogo wangu, na hongera sana, wiki 32 si haba.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi, nikawa nakata kwenye listi ya wifi yako kimoja kimoja mpaka nikabaki na vitu 12. Ila nilichokitafuta humo nikakosa ni wewe. Vitu 43 na hakuna hata kimoja cha mama, hakuna pedi, hakuna chupi za kubadilisha, hakuna gauni la kufungua mbele, hakuna chupa ya chai. Hapo ndo pameniuma, kwa sababu mtoto wa miezi mitatu ya kwanza anachohitaji kuliko vyote ni mama aliyekula, aliyelala angalau kidogo na ambaye hajaachiwa ndoo ya nepi peke yake. Hilo listi za mtandaoni haziliandiki kwa kuwa dukani haliuzwi.

Fikiria siku yake ilivyo. Ananyonya, analala, anachafua, basi. Kunyonya anakunyonya wewe, mara 8 mpaka 12 usiku na mchana, hakuna cha kununua hapo. Kulala atalala karibu yako. Kwa hiyo cha kukigharamia kweli ni kuchafua, na wewe mdogo wangu unajifungua masika.

Hili la masika nataka ulishike sana kwa sababu lilinikuta mwenyewe. Mwanangu wa kwanza nilimzaa mwezi wa 4, nilikuwa nimepanga Tandika, nilikuwa na nepi 12 za kitambaa nikajiona nimejipanga kweli, mvua ikaanza siku ya pili tangu nitoke hospitali na haikukatika, nepi zote zimejaa kwenye kamba ndani zinanuka ubichi, na mpaka leo nakumbuka nimekaa kitandani saa tisa usiku nimeshika nepi moja naipitisha shavuni nisikie kama imekauka, haijakauka, napitisha nyingine, haijakauka, mtoto analia. Nikachukua kanga yangu kuukuu ya kulalia nikaichana vipande sita. Ile kanga ndo ilinivusha wiki ile.

Kwa hiyo nepi za kitambaa chukua 24, sio 12. Na kanga kuukuu zitafute kuanzia leo. Kanga mpya haifai kwa mtoto mchanga mpaka ifuliwe mara kadhaa, bado ina ule ugumu wa wanga, maji haishiki yanateleza tu juu yake, na rangi inachuja. Kanga ya miaka mitano iliyofuliwa mpaka imelainika inanyonya maji vizuri, haimkwaruzi mtoto, inakauka haraka kuliko taulo, unamfutia, unamfunika, unatandika chini yake, unaiweka begani akicheua. Pampasi nunua paketi moja tu ndogo ya mtoto mchanga, ya usiku na ya siku za kliniki, usirundike saizi hiyo. Mchanga anabadilishwa hata mara 8 au 10 kwa siku, ila na kilo zake zinaenda haraka, watoto wengi wakifika miezi mitano hivi wameshakuwa na uzito mara mbili ya ule waliozaliwa nao, na hizo ndogo zinabaki kabatini.

Nguo ni hivyo hivyo. Sita za kubadilisha zinatosha kuanzia, za pamba, zinazofunguka mbele au za kufunga pembeni, maana shingo bado laini na kitovu bado hakijadondoka, nguo ya kuvulia kichwani inakupa tabu bure. Kofia mbili, soksi mbili tatu, shali moja nzuri. Viatu acha kabisa. Za mitumba usione aibu, nenda pale soko la Karume asubuhi mzigo ukifunguliwa, utapata pamba nzuri iliyolainika tayari. Ila ziwe mpya ziwe mitumba, fua zote na piga pasi, na nguo yoyote iliyoanikwa nje piga pasi mpaka kwenye mishono, nepi pia. Kuna nzi wanaotaga mayai kwenye nguo mbichi, yale mayai yanaanguliwa na funza akigusa mwili anaingia kwenye ngozi anatoka jipu, moto wa pasi ndo unawaua. Kama umeme umekatika usimvalishe nguo ambayo haijapigwa pasi, tumia iliyopigwa pasi kabla.

Sasa kulala. Kitanda cha mtoto kwenye chumba na sebule mtakiweka wapi mdogo wangu, mtakuwa mnapita ubavu ubavu kwenda chooni. Mtoto alale kwenye godoro gumu lisilobonyea, chali, bila mto, bila midoli na bila blanketi zito karibu na uso. Hiyo mito ya kuzungushia kitanda aliyoweka wifi yako, Marekani wameipiga marufuku kuuzwa kwa sheria ya 2022 kwa sababu watoto walikuwa wanaziba pumzi humo, na mto wa kutengenezea kichwa na wenyewe usiuweke. Kichwa kinajikaa sawa chenyewe akibebwabebwa na akigeuziwa upande wa kunyonyea. Kinachotakiwa kitandani kwenu ni chandarua chenye dawa, na kama kliniki ulipewa kwenye hudhurio la kwanza kitoe kwenye mfuko ukitundike leo, usikitunzie mtoto maana malaria kwa mjamzito ni hatari kwenu wote wawili. Chandarua kidogo cha mwavuli ni kizuri mchana akiwa amelala sebuleni, ila hakikisha mkono haujagusa neti, mbu anang'ata akiwa nje.

Vingine kwenye listi nitavipitia haraka. Kigari kwa barabara za mtaani kwenu masika, magurudumu yatazama kwenye tope na kwenye daladala hakiingii, utambeba kwa mikono ukimlaza kifuani na baadaye shingo ikikaza, kama miezi mitatu hivi, unamfunga mbeleko mgongoni mikono yako inakuwa huru. Woka nakuomba kwa dhati isiingie nyumbani kwako hata kama ni zawadi, haimfundishi mtoto kutembea, inamkimbiza kwenye jiko la mkaa na kwenye ngazi kabla hujasimama, Canada wamekataza kuiuza tangu 2004 na hawajarudi nyuma. Poda nayo acha, vumbi lake mtoto analivuta kifuani. Kwenye mikunjo ya shingo na mapaja mfute kwa maji, mkaushe vizuri, akitoka vipele vya joto mvue nguo. Kitovu kiache kikavu na kisafi, pampasi ikunjiwe chini yake, usipake majivu wala mafuta wala dawa ambayo nesi hajakupa.

Chupa 6, mashine ya kuchemshia na nyonyo 4, hivyo vyote ni gharama ya kitu ambacho hujaanza kukihitaji. Miezi 6 ya kwanza ni maziwa yako tu, hata maji hapana, hata Dar na joto lake, maziwa yana maji ya kumtosha. Akija mtu na kopo la maziwa mshukuru umwombe abadilishe kwa sabuni, maana maziwa ya kopo bila ushauri wa daktari yanapunguza ya kwako, mtoto akishiba ya kopo hanyonyi na asiponyonya hayatengenezwi. Najua unawaza kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa siku 84 za uzazi zenye malipo, wakiwa mapacha siku 100, na ukirudi mwajiri anatakiwa akuruhusu kunyonyesha muda wa kazi mpaka masaa mawili kwa siku. Waulize ofisini kabla hujaondoka mtayapangaje, wengine wanakubali uchelewe kuingia saa moja na uwahi kutoka saa moja. Kukamua jifunze kwa mkono, mwambie nesi akuonyeshe siku ya kliniki, unakamulia kwenye bakuli la mdomo mpana lililochemshwa na mtoto ananyweshwa kwa kikombe kidogo au kijiko, inawezekana kabisa na kikombe kinasafishika kirahisi kuliko chuchu ya chupa. Maziwa yaliyokamuliwa yanakaa nje masaa 4 kwenye chumba cha nyuzi joto 25, Dar mara nyingi tunazidi hapo, kwa hiyo ulizia jirani mwenye friji mapema. Pampu ya mkono ukiona unaihitaji utainunua mwezi wa 6.

Sasa turudi kwako wewe. Pedi kubwa za uzazi paketi mbili au tatu, chupi nyeusi za bei ndogo ambazo hutalia zikitupwa, sidiria mbili za kunyonyeshea, magauni mawili ya kufungua mbele, kanga doti tatu. Na chupa ya chai, mdogo wangu, chupa ya chai ya lita moja au mbili inayotunza joto kweli. Mama akupikie uji saa nne usiku akaujaze humo, saa tisa mtoto akiamka unyonyeshe huku una kikombe cha uji wa moto pembeni, hujamwamsha mtu, hujawasha jiko. Nimezaa watoto watatu na hakuna zawadi niliyoishika mara nyingi zaidi ya ile chupa, aliniletea jirani ambaye hata sikumtarajia.

Kingine kwa Mbagala ni maji. Nepi 24, kanga, beseni la kumwogeshea mtoto ambalo halifuliwi nguo humo, mama anaoga, wageni wanaingia chooni, na bomba linaweza kukauka siku mbili tatu. Jaba kubwa la maji lenye mfuniko unaobana, hicho ndo kitu ambacho watu 38 wakichangiana kinapatikana na hakuna aliyeumia, na mtakitumia miaka. Mfuniko muhimu, mtoto akianza kutambaa jaba wazi ni kisima.

Hapo ndo pa kuwaambia watu. Hupangii mtu zawadi ukisema ukweli wa nyumba yako, kinachowaumiza watu ni kubahatisha, na yule dada wa ofisini anayedaiwa kodi kinachomuumiza ni kile kigari kwenye grupu. Ongea kwanza na wifi peke yenu, usimsahihishe mbele za watu, mwambie umeona upendo wake na unaomba yeye ndo awe mpokeaji wa vitu ili visijirudie, maana bila mtu mmoja wa kuandika utapata shali 11 na sabuni hakuna. Afu mwombe atume yeye mwenyewe, kitu kama hiki:

"Wapendwa, mama kijacho anawashukuru sana. Kile kigari tumekiacha, nyumba ni ndogo na masika inakuja. Watakachofurahi nacho ni nepi za kitambaa, sabuni ya kufulia, pedi za mama, chupa ya chai, na pampasi za kuanzia kilo 6 za baadaye. Wanaopenda tuchangiane jaba la maji wanijulishe, kiasi chochote. Asiye na nafasi sasa hivi aje atuone baada ya arobaini, hata mikono mitupu, tutafurahi vile vile."

Hiyo sentensi ya mwisho usiikate. Na pale kwenye pampasi sema kilo usiseme namba ya saizi, kila kampuni ina namba zake ila kilo zimeandikwa kwenye paketi zote.

Wakikuuliza nikuletee nini wale wa karibu kabisa, waombe kazi. Mmoja aje Jumamosi ya kwanza afue, mwingine alete mtori au kuku aliyechemshwa tayari, mwingine akae na mtoto wewe ulale masaa mawili. Usiseme usijali nipo sawa. Mtu akikuuliza kwa moyo anataka jibu, mpe.

Kuhusu mama yako mimi sioni ugomvi hapo. Hakusema mtoto alale chini, amesema mgeni asitandikiwe mapema, na wazazi wetu wengi wamesema hivo kwa sababu wamewahi kukunja nguo ambazo hazikuvaliwa, hilo usilibishie. Vitu vya kwenda navyo hospitali haviepukiki na yeye anajua, hivo nunua, vingine vyote acha vije baada, kwetu Pwani zawadi za arobaini ni jambo la kawaida tu na wifi yako akifanya sherehe yake siku hiyo mtoto mwenyewe atakuwepo apakatwe. Jaba peke yake ndo liwahi, hilo ni la nyumba. Afu mpigie mama leo, mwambie akija aje na kanga zake kuukuu zote alizonazo sandukuni. Hazinunuliwi hizo, zipo tangu wewe mdogo, na atafunga safari ya Kilwa akijua kabeba kitu ambacho Kariakoo nzima hakipo.

Laki 4 yenu usiimalize. Weka laki na nusu pembeni kwenye laini yako wewe, isiguswe mpaka umerudi nyumbani salama na mtoto, ni ya dharura, dawa na usafiri, na usafiri wa kurudi na kichanga usiwe bodaboda hata kama ni karibu, mume ana bajaji kwa hiyo aongee na tajiri wake mapema aje nayo mwenyewe. Kinachobaki kinatosha hivyo vitu 12, vyako na vifaa vya kujifungulia. Hivyo vifaa waulize kliniki unayotegemea kujifungulia wanataka nini hasa, sehemu nyingi utaambiwa gloves, pamba, mpira wa kutandika, kifungio cha kitovu, kanga na beseni, ila kila sehemu ina utaratibu wake.

Begi lipange wiki hii usisubiri wiki ya 38. Kadi ya kliniki iwe mfuko wa mbele, nguo za mtoto za kwanza zifunge kwenye kanga moja peke yake ili nesi akiomba mumeo asianze kupekua, liweke nyuma ya mlango na mumeo aoneshwe kila kitu kilipo kwa mkono, sio kwa maneno. Ukijifungua niandikie unipe jina la mtoto.

Anti